Umri wa Kujua Jema na Baya: Malezi ya Maadili katika Historia ya Pwani ya Waswahili

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Pate na Lamu hadi Kilwa, swali la lini mtu huanza kujua jema na baya halikuwa la wanazuoni peke yao, kwa kuwa lilidai jibu kila mtoto alipovunja mtungi wa jirani, kila yatima alipotaka kukabidhiwa mali ya marehemu baba yake, na kila msichana alipovunja ungo. Jibu lililojengeka kwa karne nyingi lilitoka katika chemchemi mbili zisizokuwa na asili moja, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi na mafunzo ya jando na unyago yaliyokuwa na mizizi yake Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, na kwingineko bara. Chemchemi hizo hazikupatana katika kila jambo, na masheikh wengi waliyalaani hadharani mambo yaliyofanywa katika ngoma za unyago. Hata hivyo zilikubaliana kwamba ujuzi wa jema na baya humjia mtu daraja kwa daraja, na kwamba katika kila daraja yupo mtu mzima mwenye wadhifa unaojulikana ambaye jamii humdai amvushe mwenziwe. Sheria za kikoloni zilizokuja baadaye zilizirithi daraja hizo kwa namna yake, lakini ziliwaacha nje wale waliokuwa na kazi ya kuvusha, na athari ya kuachwa kwao bado ipo.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta wenyeji wakifuata madhehebu ya Shafi, nayo yaliendelea kufuatwa na wengi wa wakazi wa pwani hata baada ya masultani wa Omani, ambao wenyewe walikuwa Maibadhi, kuhamishia makao yao Unguja katika karne ya 19. Miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa sana na makadhi kilikuwa Minhaj al-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, pamoja na sharhu zake, yaani vitabu vilivyoandikwa kukifafanua. Mtu anayetaka kujua Waswahili wa kale waliuelewaje ukuaji wa maadili hana budi kuanzia kwenye fikihi hiyo, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kwa sababu ndiyo iliyoamua nani alipe, nani aadhibiwe, na nani aachwe kwa kuwa hajajua.

Mtoto mchanga hakuwa na hukumu yoyote, na katika lugha ya kila siku aliitwa malaika. Daraja iliyofuata ilikuwa ya tamyizi, maana yake uwezo wa kupambanua mambo, na mtoto aliyeifikia aliitwa mumayizi. Ingawa umri uliotajwa ulikuwa karibu na miaka 7, mafakihi hawakuishikilia hesabu ya miaka peke yake, bali walitaja dalili ambazo mama yeyote angeweza kuzishuhudia nyumbani kwake, kwamba mtoto ale mwenyewe, anywe mwenyewe na ajisafishe mwenyewe baada ya haja. Kuanzia hapo mzazi aliwajibika kumwamrisha sala, na alipotimiza miaka 10 aliruhusiwa kumwadhibu kwa kuiacha. Wazazi wake wakiachana, madhehebu ya Shafi yalimpa mumayizi haki ya kuchagua akae kwa baba au kwa mama, jambo linaloonyesha kwamba neno la mtoto wa miaka saba au minane lilikuwa na uzito mbele ya kadhi.

Hukumu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ile inayohusu amali za mtoto huyo. Sala yake ilihesabiwa kuwa sahihi, thawabu zake ziliandikwa, na katika madhehebu ya Shafi aliweza hata kuwa imamu wa watu wazima, ilhali kosa lake halikuandikwa dhambi mpaka abaleghe. Kwa hiyo kulikuwa na miaka kadhaa katika maisha ya kila mtu ambamo aliweza kupata sifa ya wema bila kubeba mzigo wa ubaya. Huu ni uamuzi wenye hekima kubwa, kwa kuwa unamruhusu mtoto ayazoee mema kama jambo lake mwenyewe, lenye faida yake mwenyewe, kabla ya kuambiwa kwamba anaweza kuhukumiwa. Hayo hayakuwa na maana kwamba jirani aliyevunjiwa mtungi alipoteza haki yake, kwani thamani ya kitu kilichoharibiwa ililipwa kutoka katika mali ya mtoto kwa mkono wa walii, yaani msimamizi wake, na hivyo hasara na dhambi zikatenganishwa, mtu akaweza kudaiwa bila kulaumiwa.

Baleghe ilijulikana kwa dalili za mwili au, zisipoonekana, kwa kutimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo, na ndiyo iliyoleta taklifu, maana yake kubebeshwa wajibu wote wa dini. Watoto wa pwani walifundishwa kwamba tangu siku hiyo malaika wawili, Rakibu na Atidi, wanaandika kila tendo. Lakini hata kubaleghe hakukutosha kumfanya mtu akabidhiwe mali yake, kwa sababu ilibaki daraja nyingine iliyoitwa rushdi, nayo kwa Mashafi ilikuwa na nguzo mbili, uongofu katika dini na uangalifu katika mali. Yatima alitakiwa kujaribiwa kabla ya kubaleghe, tena zaidi ya mara moja, na majaribio yenyewe yalipangwa kulingana na maisha yake. Mtoto wa mfanyabiashara alijaribiwa katika kununua, kuuza na kupatana bei, wa mkulima katika kilimo na matumizi ya kuwalipa vibarua, wa fundi katika ufundi wao, na msichana katika kusokota pamba na kukilinda chakula kisiliwe na paka. Katika biashara mtoto alipatana bei tu, kisha walii ndiye aliyeufunga mkataba. Anayesoma maelekezo hayo leo huona kwamba mafakihi walikuwa wakipima tabia kwa kuitazama kazini, na hawakuridhika na majibu ya mdomo peke yake.

Mahali ambapo sehemu kubwa ya malezi hayo ilifanyika ni chuoni, jina ambalo pwani ilikipa chuo cha Kurani muda mrefu kabla halijachukuliwa na taasisi za elimu ya juu. Mtoto alipelekwa kwa mwalimu akiwa karibu na umri wa tamyizi, akaanza na herufi, akaendeshwa kwa alifu kwa ujiti hadi aweze kuunganisha maneno, akaandika kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi, na mwisho akahitimu kwa karamu ambayo wazazi waliigharimia. Mwalimu alifundisha pia adabu, yaani namna ya kuingia, kukaa, kusalimu, kula na kunyamaza mbele ya wakubwa, na wanafunzi walimtekea maji na kumtafutia kuni, kazi ambazo wazazi walizihesabu kuwa sehemu ya masomo. Fimbo ilitumika, mara nyingi kupita kiasi, na hakuna haja ya kuipamba. Mtoto aliyejifunza wema kwa kuogopa bakora tu alijifunza zaidi kujificha. Walioutetea utaratibu huo walijua kwamba lengo lilikuwa kumfikisha mtoto kwenye haya, ile hali ya moyo inayomzuia mtu kutenda ovu hata pasipo na mtu wa kumwona, na wakaitofautisha na fedheha, ambayo humpata mtu baada ya ubaya wake kujulikana. Mwalimu mzuri alisifiwa kwa kuwa na wanafunzi wenye haya, na yule aliyeishia kwenye fedheha na viboko alihesabiwa kuwa hajamaliza kazi.

Jando na unyago vilichukua pale ambapo chuo kiliishia. Maelezo ya kina zaidi ya Mswahili mwenyewe kuhusu mambo hayo yaliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na ambaye maandishi yake yalihaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Katika desturi za Mrima wavulana walipelekwa kumbini, boma lililojengwa mbali na mji, ambako ngariba aliwatahiri na walezi wakakaa nao hadi wapone, wakiwafundisha kwa nyimbo na mafumbo namna mwanamume anavyopaswa kuwaheshimu wakwe, kushika siri na kuvumilia maumivu. Wasichana walikuwa na somo, mwanamke mzima aliyechaguliwa na familia kumwongoza mwali tangu avunje ungo, na juu ya masomo hao alikuwapo kungwi au nyakanga, mjuzi wa unyago wote. Mafunzo yalihusu usafi wa mwili, mambo ya ndoa, namna ya kuishi na mume na jamaa zake, na mambo ambayo mama hakuweza kuyatamka mbele ya binti yake kwa sababu ya haya.

Uhusiano wa mwali na somo haukuisha ngoma zilipokwisha, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya desturi hiyo. Somo alikuwepo siku ya harusi, aliitwa ndoa ilipoyumba, na tabia mbaya ya mwali wake, hata akiwa na watoto wake mwenyewe, ilimrudia yeye kama lawama. Mtu mzima alikuwa na mtu mwingine aliyekuwa na haki ya kumwonya bila kuonekana kuwa anajiingiza katika yasiyomhusu. Fikihi ilikuwa imesema nani anawajibika mbele ya Mungu na kadhi, lakini unyago uliongeza jambo ambalo vitabu havikuliweka wazi vya kutosha, kwamba mtu huendelea kulelewa baada ya kubaleghe, baada ya kuolewa, na hata baada ya kuwa mlezi.

Utaratibu huu wote ulikuwa na upande wake wa giza, nao lazima uelezwe waziwazi. Karne ya 19, pwani iliyojivunia uungwana ilikuwa pia pwani ya utumwa, na waungwana waliotoa sifa ya adabu kwa watoto wao walishikilia kwamba mtumwa aliyeletwa kutoka bara ni mshenzi asiyejua aibu. Sheria yenyewe ilimpa mtumwa nusu ya adhabu ya muungwana katika baadhi ya makosa, na ingawa punguzo hilo lilikuwa rehema kwa mwili wake, katika macho ya jamii lilithibitisha kwamba hajakamilika. Ajabu ni kwamba unyago wa mijini, uliokuja kuwapendeza hata mabinti wa waungwana, uliingizwa kwa sehemu kubwa na wanawake watumwa kutoka Mrima na kusini, ambao ndio waliokuwa makungwi wa Mombasa na Unguja. Baada ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa na watoto wao walidai nafasi yao kwa kujifunza dini, kuvaa mavazi ya stara na kuingia katika tarika, yaani vyama vya Kisufi, hasa Kadiria iliyoenezwa na Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909. Historia hiyo inaikanusha moja kwa moja dhana ya waungwana, kwani wale walioambiwa kuwa hawana adabu ndio waliokuwa wakiwafunda watoto wa waliowaambia hivyo.

Fasihi ya pwani nayo inathibitisha kwamba maadili hayakuonwa kuwa jambo la utotoni tu. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mashuhuri karibu na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake ambaye alikuwa tayari amekua, na shairi hilo limewahi kusifiwa na kulaumiwa kwa jinsi linavyomtaka mke amtii mume. Lawama hiyo ina haki yake. Lakini kwa historia inayozungumziwa hapa, jambo kubwa ni kwamba mama anayekaribia kufa aliona bado ana deni la kufunza, na akalilipa kwa maandishi ili sauti yake imfuate binti yake baada ya mauti. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeandika Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19 huku magofu ya Pate yakiwa mbele ya macho yake, alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa aliyemwonya hakuwa mtoto wala mke, bali moyo wake mwenyewe. Katika daraja hiyo ya mwisho, mtu aliyevushwa na wengine kwa muda mrefu huwa mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja, na kuporomoka kwa fahari ya mji kunakuwa somo lake.

Mwaka 1897 Waingereza walianza kuitumia Sheria ya Jinai ya India, iliyopitishwa mwaka 1860, katika himaya ambayo baadaye ilikuja kuwa Kenya. Sheria hiyo ilisema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hawezi kutenda kosa la jinai, na kwamba aliye kati ya miaka 7 na 12 hana kosa ikiwa hajapevuka kiasi cha kuelewa tendo lake na matokeo yake. Mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipata kanuni mpya za adhabu zilizofuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, na kwa miongo mingi Kenya ikabaki na umri wa miaka 8. Kwa juu juu, daraja hizo zilifanana na zile za fikihi, na kufanana huko kuliwafanya watu wengi wasione kilichobadilika. Kilichobadilika ni kwamba sheria mpya ilimtazama mtoto kwa upande wa kosa peke yake, haikuwa na mahali pa kuandika thawabu zake, haikumjaribu sokoni wala shambani, na haikumuuliza mwalimu, walii wala somo wake jambo lolote. Makadhi waliachiwa ndoa, talaka na mirathi, na swali la mtoto kujua jema na baya likahamia mbele ya hakimu ambaye mara nyingi hakuijua lugha ya mtoto huyo.

Wanachuoni wa pwani waliliona pengo hilo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake mwaka 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na makala zake zilizokuja kukusanywa katika kitabu cha Uwongozi zinawahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao elimu ya kisasa bila kuwakabidhi malezi yao kwa wageni. Yeye alikuwa mkali pia kwa desturi nyingi za ngoma, na kwa upande huo alikata mti ambao baadhi ya matawi yake yalikuwa na matunda. Upande wa Tanganyika, Shaaban Robert aliweka katika Maisha Yangu tenzi mbili za nasaha, moja kwa binti yake na nyingine kwa mwanawe wa kiume, naye akaendeleza kazi ya Mwana Kupona katika zama ambazo baba alikuwa karani wa serikali na chuo kilikuwa kimepata mshindani katika shule.

Wakati huohuo, elimu ya saikolojia ilikuwa ikitafuta Ulaya na Marekani jibu la swali lilelile. Jean Piaget aliwachunguza watoto wa Uswisi wakicheza gololi na mwaka 1932 akaeleza jinsi wanavyotoka katika kuiona kanuni kuwa amri isiyoguswa hadi kuielewa kuwa mapatano, na Lawrence Kohlberg, katika tasnifu yake ya Chicago ya mwaka 1958, akaanza kuzipanga hatua za ukuaji wa maadili ambazo kilele chake ni dhamiri ya mtu binafsi inayosimama juu ya desturi. Carolyn Edwards alipoupeleka mtihani wa Kohlberg nchini Kenya na kuchapisha matokeo yake mwaka 1975, aliona kwamba hoja za wazee wa vijijini hazikufika katika hatua zile zilizoitwa za juu, lakini akaeleza kwamba namna yao ya kufikiri, inayotanguliza uhusiano na uaminifu baina ya watu, inafaa kabisa kwa jamii ambayo watu wake wanajuana na kuonana kila siku. Maelezo yake yalikuwa ya haki. Mzee anayeulizwa aamue peke yake, kuhusu watu asiowajua, ameondolewa vyote ambavyo jamii yake ilivihesabu kuwa zana za kuamulia, na kipimo kinachomshusha daraja kwa hilo kinapima kitu kimoja tu miongoni mwa vingi.

Katika miaka ya karibuni sheria zimesogea. Tanzania Bara, baada ya marekebisho yaliyofuatana na Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda alilotenda. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, imepandisha umri huo hadi miaka 12, na inamchukulia mtoto aliye chini ya miaka 14 kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhishwe kwa ushahidi. Neno hilo la ushahidi linafungua mlango, kwa sababu haiwezekani kujua mtoto anaelewa nini bila kujua alifundishwa nini na nani. Mahakimu, mawakili na maafisa wa watoto wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wanapaswa kuutumia mlango huo kwa kuwaita mwalimu wa madrasa, nyanya aliyemlea mtoto na somo wa familia waeleze walichomfunza na walichoshindwa kumfunza, na waeleze pia mema aliyowahi kuyatenda, yaandikwe katika jalada lilelile lenye kosa lake.